Namna ya Kupata na Kudumisha Ari ya Kujiendeleza Kila Siku

Kiswahili kina maneno matatu ambayo mara nyingi hutumiwa kana kwamba yana maana moja, na anayetaka kujiendeleza atafaidika akiyatenganisha kabla hajaanza. Hamasa ni ule moto unaowaka ghafla baada ya kusikiliza hotuba nzuri, kusoma kisa cha mtu aliyefanikiwa au kuuona mwaka mpya ukiingia. Motisha, kwa jinsi neno hilo linavyotumika kazini, ni kitu kinachotolewa ili mtu afanye jambo: posho, zawadi, cheti au sifa. Ari ni ile azma inayokaa ndani ya mtu na kumrudisha kwenye jambo lake hata pasipokuwa na anayemtazama. Wengi husema wamekosa motisha ilhali kwa hakika wanasubiri hamasa, na kwa kuwa hamasa haina ratiba, husubiri muda mrefu.

Mwongozo huu unahusu ari. Msimamo wangu ni kwamba ari ya kila siku haitangulii kitendo, bali huzaliwa na kitendo. Kwa hiyo kazi ya mtu anayejiendeleza si kujitia moto kila asubuhi, bali ni kuipanga siku yake ili kitendo kidogo kifanyike hata pale moyo ulipopoa. Nimemwandikia mtu anayetaka kusoma zaidi, kufanya mazoezi ya mwili, kujifunza lugha au stadi mpya, kuweka akiba au kupunguza muda anaoutumia kwenye simu, na ambaye ameshaanza mara kadhaa na kuacha.

Hatua ya kwanza: Anza kabla hujajisikia kuanza

Katika tiba ya sonona kuna njia iliyokuzwa tangu miaka ya 1970, ambayo mmoja wa waasisi wake alikuwa mwanasaikolojia wa Marekani Peter Lewinsohn. Njia hiyo humwelekeza mgonjwa afanye shughuli ndogo zilizopangiwa saa maalumu, bila kungoja kwanza ajisikie vizuri. Mantiki yake ni kwamba mtu akijitenga na shughuli, hujinyima pia yale yanayomletea furaha na kumwonyesha kuwa bado anaweza. Kunyimwa huko humzidishia uzito, na uzito humfanya ajitenge zaidi. Mduara huo hukatwa kwa upande wa kitendo kwa sababu hisia haziamrishiki, lakini mkono na mguu huamrishika.

Asiye mgonjwa naye hupitia mduara huohuo kwa kiwango kidogo. Akiahirisha leo kwa sababu hana hamu, kesho atakuwa na hamu pungufu, kwa kuwa sasa jambo lenyewe limeongezewa aibu ya jana. Kwa hiyo, wiki ya kwanza, chagua jambo moja na ulifanye kwa dakika 5 tu kwa siku. Ukifika dakika ya tano una ruhusa kamili ya kuacha, na ruhusa hiyo iwe ya kweli; ukijidanganya kwamba ni dakika 5 huku umekusudia kujilazimisha saa nzima, nafsi itaugundua mtego huo siku ya pili na kuukimbia. Siku nyingi utaendelea kwa hiari yako, maana sehemu ngumu ya kazi nyingi ni kuivuka ile dakika ya mwanzo.

Hapa pana tahadhari ambayo sitaki ipite haraka. Ikiwa kwa wiki 2 au zaidi umekuwa na huzuni au umepoteza hamu ya karibu kila kitu, usingizi na ulaji vimebadilika, na shughuli za kawaida zimekuwa mzigo usiobebeka, usijilaumu kwa uvivu na usitegemee mwongozo kama huu pekee. Hizo ni dalili za kumwona daktari au mtaalamu wa afya ya akili. Na hata kwa mwenye afya njema, usingizi huja kabla ya mbinu zote: mtu mzima huhitaji angalau saa 7 kwa usiku, na anayelala saa 5 hushindana na uchovu akidhani anashindana na tabia yake.

Hatua ya pili: Tafuta sababu iliyo yako

Mwaka 1973 Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett walichapisha jaribio walilolifanya kwa watoto wa shule ya awali waliopenda kuchora. Baadhi yao waliahidiwa cheti kizuri wakichora, wengine walipewa cheti bila kuahidiwa, na wengine hawakupewa chochote. Wiki moja hadi mbili baadaye, watoto waliokuwa wameahidiwa cheti walitumia muda mdogo zaidi kuchora kwa hiari yao kuliko wenzao. Ahadi ya zawadi ilikuwa imeugeuza mchezo wao kuwa kazi ya kulipwa, na malipo yalipokoma, hamu ikapungua.

Edward Deci na Richard Ryan, walioichunguza ari kwa miongo mingi, wanaeleza kwamba ari ya ndani hustawi pale mahitaji matatu yanapotimizwa: mtu ahisi kwamba amechagua mwenyewe, ahisi kwamba anaweza na anaendelea kuweza zaidi, na ahisi kwamba ameunganishwa na watu wengine. Haya yanakupa kipimo cha kuyapima malengo yako. Chukua karatasi, andika lengo lako, kisha ujiulize: je, ningelifanya jambo hili kama hakuna mtu ambaye angewahi kulijua? Ikiwa jibu ni hapana, si lazima uliache, lakini tambua kwamba unaendeshwa na macho ya watu, na macho ya watu huchoka kutazama mapema kuliko unavyodhani.

Andika sababu yako kwa sentensi moja yenye kitu kinachoonekana. “Nataka kuwa mtu bora” haikamatiki. “Nataka nipande ngazi za nyumbani bila kuhema” au “nataka nisome barua za kazi katika lugha ya pili bila kumwomba mtu anitafsirie” inakamatika, na ikitimia utajua kwamba imetimia.

Ukishaijua sababu, usikae ukiota matokeo yake. Gabriele Oettingen na Thomas Wadden waliwafuatilia wanawake waliokuwa katika mpango wa kupunguza uzito, na katika makala yao ya mwaka 1991 waliripoti kwamba wale waliokuwa na ndoto tamu zaidi kuhusu mafanikio yao walipungua uzito kidogo kuliko wenzao. Ninavyoielewa mimi, ndoto humwonjesha mtu ushindi kabla ya kazi, naye hutulia kana kwamba ameshafika. Oettingen anashauri kwamba baada ya kuyawaza matokeo unayoyataka, ukiwaze mara moja kikwazo kilicho ndani yako mwenyewe kitakachokuzuia. Kiandike chini ya sababu yako bila kukipamba: “nikirudi nyumbani hukaa na simu hadi usiku unaisha.” Kikwazo hicho utakihitaji katika hatua ya nne.

Hatua ya tatu: Chagua jambo moja na ulipunguze

Anayeamua siku moja kuamka alfajiri, kuacha sukari, kukimbia, kusoma na kuweka akiba huwa amejitwika mizigo mitano kwa kichwa kimoja. Chagua moja. Kisha ulipunguze mpaka usipate kisingizio cha kulikataa hata siku uliyochoka, unaumwa kichwa au umerudi usiku: kurasa 2 badala ya sura nzima, maneno 5 mapya badala ya 50, kutembea hadi mwisho wa njia na kurudi badala ya kilomita nyingi. Kiwango hiki kiite kiwango cha chini. Siku njema utakizidi, na hilo ni jema, lakini kuzidi jana hakupandishi kiwango cha leo. Nimeona watu wengi, nami nikiwamo kwa miaka kadhaa, wakiangushwa na jambo hilo dogo: siku moja ya nguvu inageuzwa kuwa sheria, na siku inayofuata inahesabiwa kuwa kushindwa kabla haijaanza.

Hatua ya nne: Amua mapema lini, wapi na baada ya nini

Kama ningelazimika kubakiza hatua moja tu katika mwongozo huu, ningeibakiza hii. Mwaka 2002 Sarah Milne, Sheina Orbell na Paschal Sheeran walichapisha matokeo ya utafiti uliohusisha wanafunzi 248 wa chuo kikuu. Kundi la kwanza halikupewa hamasa yoyote. Kundi la pili lilisoma maelezo kuhusu ugonjwa wa moyo na jinsi mazoezi yanavyopunguza hatari yake, yaani lilihamasishwa. Kundi la tatu lilisoma maelezo hayohayo, kisha kila mmoja akaandika siku, saa na mahali atakapofanyia mazoezi katika wiki ijayo. Katika kundi la kwanza, asilimia 38 walifanya mazoezi angalau mara moja katika wiki hiyo. Katika kundi lililohamasishwa tu, walikuwa asilimia 35. Katika kundi lililoandika mpango, walikuwa asilimia 91.

Takwimu hizo zinastahili kusomwa polepole. Waliohamasishwa walikiri kwamba mazoezi yana faida na wakasema wamekusudia kuyafanya, lakini kukusudia peke yake hakukuwatoa kitini. Peter Gollwitzer, mwanasaikolojia wa Ujerumani aliyeichambua mipango ya namna hii, anaeleza kwamba mtu anapofunga kitendo kwenye ishara maalumu, ishara ikitokea hukikumbusha kitendo chenyewe, na uamuzi unakuwa umeshafanyika. Hakuna mjadala wa “nifanye sasa au baadaye”, na mjadala huo ndio unaotuchosha.

Andika mpango wako kwa umbo hili: “Nikimaliza jambo fulani, nitafanya jambo fulani, mahali fulani.” Mfano: “Nikishapiga mswaki usiku, nitakaa kwenye kiti kilicho karibu na dirisha na kusoma kurasa 2.” Kwa watu wengi, ishara inayotokana na tendo la kila siku hufaa zaidi kuliko saa, kwa sababu saa 2 usiku inaweza kupita ukiwa njiani, lakini kupiga mswaki hakukosekani. Kisha andika mpango wa pili kwa ajili ya kile kikwazo ulichokitaja: “Nikijikuta nimeshika simu kabla sijasoma, nitaiweka chumba kingine na kufungua kitabu.” Yasome maandishi hayo kwa sauti mara mbili au tatu, halafu uyaweke mahali utakapoyaona.

Hatua ya tano: Panga mazingira

Wendy Wood na wenzake waliwaomba watu waandike mara kwa mara walichokuwa wakifanya, na wakagundua kwamba karibu asilimia 43 ya matendo hayo yalifanywa takriban kila siku na kwa kawaida mahali palepale, mara nyingi akili ikiwa kwingine. Maana yake ni kwamba chumba chako kinakuamulia mengi. Kitabu kiwe juu ya mto, viatu vya mazoezi viwe mlangoni, daftari liwe wazi mezani na kalamu juu yake. Kinachokuteka nacho kiweke mbali: simu inayohitaji hatua 20 kuifikia hushikwa mara chache kuliko iliyo mfukoni. Fanya maandalizi hayo jioni, kwa kuwa asubuhi ndiyo inayohitaji msaada.

Hatua ya sita: Andika ulichofanya, nawe ukione

Teresa Amabile na Steven Kramer walikusanya karibu kumbukumbu 12,000 za shajara za kila siku kutoka kwa wafanyakazi 238 wa kampuni 7, wakitafuta ni nini kilichozifanya baadhi ya siku kuwa njema. Walichokikuta juu ya vingine vyote kilikuwa ni kupiga hatua katika kazi yenye maana, hata hatua iwe ndogo. Tatizo la kujiendeleza ni kwamba hatua zake hazionekani. Anayejifunza lugha hahisi kwamba leo anajua zaidi kuliko jana, na anayefanya mazoezi haoni mabadiliko kwenye kioo kwa wiki nyingi; akiachiwa kumbukumbu yake peke yake, atasadiki kwamba amesimama palepale.

Dawa yake ni daftari. Mimi hutumia ukurasa mmoja kwa mwezi, wenye safu mbili: tarehe, na maneno machache kuhusu kilichofanyika. Usiandike matokeo kila siku, kwa sababu matokeo hupanda na kushuka kwa sababu zisizo mikononi mwako. Uzito wa mwili, kwa mfano, hubadilika kutokana na maji na chumvi bila kuhusiana na juhudi ya jana. Andika kitendo: “kurasa 2”, “dakika 12”, “maneno 5, matatu nimeyasahau”. Hilo la mwisho lina thamani yake, kwa maana ukilisoma baada ya miezi miwili na kukuta maneno hayo yote unayatumia bila kufikiri, utapata ushahidi ambao hakuna hotuba inayoweza kukupa. Mara moja kwa mwezi jirekodi ukizungumza hiyo lugha, au jipime umbali uleule kwa saa, uhifadhi kumbukumbu hiyo na uifananishe na ya mwezi uliotangulia.

Hatua ya saba: Jiandae kwa siku utakayokosa

Utaikosa siku moja, na pengine wiki nzima. Msiba utatokea, kazi itazidi, mtoto ataugua. Ninalisisitiza hili kwa sababu naamini kwamba watu wengi hawaachi siku ile waliyokosa, bali kesho yake, pale wanapoisoma siku iliyokosekana kama hukumu juu ya tabia yao.

Imani iliyoenea kwamba mazoea hujengeka kwa siku 21 imechangia madhara haya. Chanzo chake ni maelezo ya mwaka 1960 ya daktari wa upasuaji Maxwell Maltz, aliyesema kwamba wagonjwa wake walihitaji angalau siku 21 hivi kuzoea sura zao mpya. Hakuwa akipima mazoezi wala usomaji, na lile neno “angalau” liliangushwa njiani. Phillippa Lally na wenzake wa chuo cha University College London walipowafuatilia watu 96 waliokuwa wakijenga zoea jipya, katika makala yaliyochapishwa mara ya kwanza mwaka 2009, walikadiria kwamba muda wa kulizoea jambo hadi lijiendeshe ulikuwa siku 66 kwa mtu wa katikati, na ulitofautiana kuanzia siku 18 hadi 254. Kunywa maji huzoeleka mapema, mazoezi huchukua muda mrefu zaidi. Lililo muhimu kwa hatua hii ni kwamba kukosa siku moja hakukuharibu kwa namna ya maana ujenzi wa zoea. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Kwa hiyo andika sasa, ukiwa na akili tulivu, utakachofanya siku inayofuata: utarudi kwenye kiwango cha chini, si zaidi. Usijaribu kufidia kwa kufanya mara mbili, kwa sababu deni hilo hukua na kukufanya uogope kulifungua daftari. Na zungumza na nafsi yako kama ambavyo ungezungumza na rafiki. Wapo wanaohofia kwamba kujihurumia huzaa ulegevu. Juliana Breines na Serena Chen, katika majaribio yaliyochapishwa mwaka 2012, walikuta kinyume chake: watu walioelekezwa kujihurumia baada ya kufanya vibaya katika mtihani walitumia muda mrefu zaidi kujiandaa kwa mtihani wa pili.

Hatua ya nane: Tafuta mtu wa kwenda naye

Mwenzi mmoja anayefanya jambo lilelile anatosha. Mkubaliane mtumiane ujumbe mfupi kila mmoja akishatimiza kiwango chake, bila mahubiri na bila mashindano. Mwenye kujifunza peke yake kabisa na amfundishe mtu mwingine kile alichojifunza wiki hiyo, hata kwa dakika 10.

Kutangaza lengo lako kwa kila mtu ni jambo jingine, nami silishauri. Gollwitzer na wenzake, katika utafiti wa mwaka 2009 uliowahusisha pia wanafunzi wa sheria, walionyesha kwamba mtu ambaye nia yake ya kuwa mtu wa aina fulani imetambuliwa na wengine anaweza kupunguza juhudi ya kuitimiza, kana kwamba kutambuliwa kumeshampa sehemu ya kile alichokuwa akikitafuta. Waeleze wengi ulichokwisha kukifanya, na umweleze mwenzi wako unachokusudia.

Hatua ya tisa: Kagua kila wiki

Tenga dakika 15, siku ileile kila wiki, usome daftari lako. Ikiwa umetimiza kiwango cha chini siku nyingi na kimeanza kukuchosha kwa wepesi wake, kiongeze kidogo, kwa kuwa jambo lisilo na ugumu wowote halikupi hisia ya kuweza zaidi. Ikiwa umekosa siku nyingi, usitafute kasoro katika tabia yako kabla hujaitafuta katika mpango: je, ishara ilitokea kweli, muda ulifaa, kiwango kilikuwa kidogo vya kutosha? Badilisha kitu kimoja tu, kisha uangalie wiki inayofuata.

Baada ya miezi mitatu hivi, jiulize pia kama jambo lenyewe bado lina nafasi katika maisha yako. Kuliacha lengo kwa uamuzi, kwa tarehe na kwa sababu iliyoandikwa, ni tofauti na kulitelekeza, na humwachia mtu nguvu kwa ajili ya jambo analolitaka zaidi.

Hatua ya kumi: Hamasa ikija, ipe kazi ya maandalizi

Hengchen Dai, Katherine Milkman na Jason Riis walionyesha mwaka 2014 kwamba watu huenda zaidi mazoezini mwanzoni mwa wiki, mwezi, mwaka na muhula mpya wa masomo, na pia baada ya siku zao za kuzaliwa. Moto huo ni wa kweli, lakini ni wa muda mfupi, na kosa la kawaida ni kuutumia kufanya kazi ya siku kumi kwa siku moja. Utumie badala yake kufanya yale ambayo siku ya kawaida hutayaweza: kufuta kwenye simu programu zinazokula usiku wako, kununua daftari, kujiandikisha kwenye kozi na kulipa ada yake, kupanga rafu ya vitabu, kumpigia yule mtu unayetaka awe mwenzi wako, na kuandika upya mpango wako wa “nikimaliza, nitafanya”. Kazi ya siku hiyo ikiisha, timiza kiwango chako cha chini kama siku nyingine yoyote, uandike kwenye safu yake, na ukalale mapema.